Mbwa Ameanguka Ghafla: Kutoka Kwenye Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Tomi alianguka Jumanne moja saa kumi na mbili jioni, kando ya simtanki, akiwa njiani kuja kunipokea getini kama alivyofanya kila siku kwa miaka 9. Nilimkuta amelala ubavu, macho wazi, mkia ukijitahidi kupiga ardhi. Nilipomfunua mdomo niliona kwamba fizi zake, ambazo siku zote zilikuwa na rangi ya waridi, zimekuwa nyeupe kama karatasi ya daftari. Baada ya kama saa moja aliinuka, akanywa maji, akala nusu ya ugali wake na dagaa, nami nikamshukuru Mungu na kwenda kulala nikiamini kwamba limepita. Halikuwa limepita. Nilikuwa nimeiona dalili kubwa kuliko zote na sikujua kuisoma.

Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa kuwa nayo mkononi jioni ile, yaani namna ya kuanza na kile unachokiona kwa macho yako na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo chake, ukiwa nyumbani, pengine usiku, na pengine mbali na daktari wa mifugo. Mengi kati ya magonjwa haya hayatibiki sebuleni. Lakini mwenye mbwa ndiye anayeamua kama safari ya kwa daktari inaanza usiku huu au inasubiri kesho kutwa, na uamuzi huo ndio mara nyingi unaotenganisha mbwa anayepona na asiyepona.

Dakika tano za kwanza

Kabla ya kumpa chochote mdomoni, iwe maziwa, mafuta au kidonge, mchunguze. Mbwa mwenye maumivu makali anaweza kumng'ata hata mtu anayempenda, kwa hiyo mkaribie taratibu kutoka ubavuni huku ukimwita jina lake, na ikilazimu mfunge mdomo kwa kipande cha kanga, isipokuwa kama anatapika au anapumua kwa shida. Ikiwa ana degedege, au una shaka yoyote ya kichaa cha mbwa, usiguse mdomo wake kabisa.

Inua mdomo wa juu utazame fizi. Za mbwa mzima ni za waridi na zenye unyevu. Bonyeza ufizi kwa kidole hadi mahali pale pawe peupe, kisha achia, na rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, damu haizunguki inavyotakiwa. Kuna mbwa wenye fizi nyeusi kwa asili, nao utawatazama upande wa ndani wa kope la chini. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, kwa kuwa mbwa aliyetulia huvuta pumzi kati ya 10 na 30. Tafuta mapigo ya moyo kwa kuweka vidole viwili upande wa ndani wa paja, karibu na nyonga. Mbwa mkubwa aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, na mdogo huweza kufika 140. Mwisho, paka kipimajoto vaselini, kiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa, kisha usome. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi, kwa hiyo joto ambalo kwa mtoto wako lingekuwa homa, kwa mbwa ni afya. Likizidi 40 ni hatari, na likishuka chini ya 37.5 kwa mbwa aliyelegea, hatari huwa kubwa zaidi.

Andika namba hizo kwenye karatasi pamoja na saa uliyozipata, kisha rudia kupima baada ya nusu saa. Daktari akipata karatasi yenye mistari sita ya namba, anakuwa ameokoa muda ambao angeutumia kukuuliza maswali usiyoweza kuyajibu kwa sababu umepagawa.

Yapo mambo ambayo hayasubiri asubuhi: fizi nyeupe au za bluu, tumbo lililojaa huku mbwa akijaribu kutapika bila kutoa kitu, degedege linalozidi dakika 5 au linalojirudia siku hiyo hiyo, kupumua kwa shida, na kushindwa kabisa kukojoa. Ukiona mojawapo, acha kusoma, tafuta usafiri.

Fizi ni nyeupe na mbwa hana nguvu

Fizi nyeupe maana yake ni kwamba damu imepungua au haifiki inakotakiwa kufika. Swali la kufuata ni moja: je, damu inaharibiwa ndani ya mishipa, au inavuja kwenda nje ya mishipa? Katika ukanda wetu jibu la kwanza ndilo la kawaida zaidi, na mhusika ni kupe.

Ugonjwa wenyewe unaitwa babesia, na watu wengi huuita kwa ujumla homa ya kupe. Ni kijidudu kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Aina moja, Babesia vogeli, husambazwa na yule kupe wa kahawia anayejificha kwenye nyufa za kibanda, na mara nyingi ni nyepesi kwa mbwa mzima. Nyingine, Babesia rossi, inayopatikana Afrika kusini mwa Sahara na ambayo mbweha huweza kuibeba bila kuugua, inaweza kumwangusha mbwa mwenye nguvu ndani ya siku mbili tatu. Utaona homa, uchovu, kukataa chakula, kisha fizi zinapauka au kuwa za manjano, na mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mkojo wa rangi hiyo ni chembe za damu zilizopasuka zikitoka kupitia figo. Usikubali kuambiwa kwamba ni kukosa maji tu.

Kipimo chake ni rahisi. Daktari huchoma ukingo wa sikio, huchukua tone la damu, hulipaka kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, na jibu linaweza kupatikana mkiwa bado mmekaa pale pale. Omba kipimo hicho kabla ya sindano yoyote. Ninasisitiza kwa sababu asubuhi iliyofuata baada ya Tomi kuanguka nilimwita mtu wa duka la dawa za mifugo, akaja na bomba lililokwisha kujazwa dawa, akasema kwa hakika kabisa kwamba ni kupe, akachoma, akalipwa, akaondoka. Hakumpima uzito, wala hakumgusa tumbo. Simlaumu peke yake, kwani mimi ndiye niliyemshika Tomi kichwa wakati anachomwa.

Hatari ya sindano ya namna hiyo ni mbili. Kwanza, diminazini, dawa inayouzwa kila mahali kwa ajili ya ng'ombe, ina nafasi ndogo sana kati ya kipimo kinachoponya na kipimo kinachoharibu ubongo wa mbwa. Kipimo chake kwa mbwa ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, na kukisia uzito wa mbwa kwa macho kunatosha kuleta madhara. Imidokabi, dawa nyingine inayotumika, huwa na kipimo chake na ratiba yake ya kurudiwa, nayo huamuliwa na daktari. Pili, sindano inakupa utulivu wa uongo. Unasubiri ifanye kazi huku ugonjwa mwingine kabisa ukiendelea. Mbwa ambaye damu yake imeshuka sana anaweza pia kuhitaji damu ya mbwa mwingine, jambo linalowezekana katika hospitali zilizojiandaa. Mtoaji huwa mbwa mzima, mwenye afya na uzito usiopungua kilo 25 hivi, na wapo majirani watakaokubali kumleta wa kwao ukiwaomba mapema.

Kupe huyo huyo wa kahawia hubeba pia bakteria aitwaye Ehrlichia canis, na dalili inayowashtua watu ni damu kutoka puani bila mbwa kuumia popote, au vidoa vidogo vyekundu kwenye ngozi ya tumbo. Chembe zinazogandisha damu zimepungua. Doksisaiklini huutibu ugonjwa huu ukiwahiwa, lakini kwa kawaida dozi huendelea kwa siku 28, na kosa linalofanywa mara nyingi ni kuacha siku ya saba kwa sababu mbwa ameanza kula. Ugonjwa uliotibiwa nusu unaweza kujificha miezi mingi, kisha ukarudi ukiwa umefika kwenye uboho, na hapo ndipo mwenye mbwa husema ameugua ghafla.

Ikiwa hakuna homa na hakuna kupe, fikiria sumu ya panya. Nyingi kati ya sumu hizo huzuia damu kuganda, na dalili hazionekani siku ile mbwa alipokula bali siku 2 hadi 5 baadaye, wakati pakiti imeshasahaulika. Damu huvuja kifuani, tumboni au chini ya ngozi. Dawa yake ipo, nayo ni vitamini K1, inayotolewa kwa wiki kadhaa. Uliza nyumbani na kwa jirani nani ametega sumu wiki hii, na ukipata pakiti, ibebe.

Chanzo cha mwisho katika kundi hili ndicho kilichomchukua Tomi. Mbwa wakubwa wenye umri, hasa Jemani Shepadi na machotara wake, hupata uvimbe kwenye bandama. Uvimbe unapasuka kidogo, damu inamwagika tumboni, mbwa anaanguka na fizi zinapauka. Kisha damu inaganda, mwili unainyonya tena, naye anainuka na kula kana kwamba hakuna lililotokea. Siku tatu baadaye, au wiki mbili, unapasuka tena. Kwa hiyo mbwa mzee aliyeanguka, akapauka, kisha akapata nafuu mwenyewe baada ya saa chache hajapona. Mpeleke apigwe picha ya altrasaundi siku hiyo hiyo akiwa bado na nguvu. Si kila uvimbe wa bandama ni saratani, na mbwa ambaye wake si saratani anaweza kuishi miaka baada ya bandama kuondolewa. Ikiwa ni ile saratani ya mishipa ya damu iitwayo hemanjiosakoma, upasuaji peke yake kwa kawaida humpa mwezi mmoja hadi mitatu. Tomi tulimfikisha Ijumaa, tumbo likiwa limejaa damu.

Tumbo limejaa kama ngoma

Mbwa mwenye kifua kirefu akihangaika huku na huko, akidondosha mate, akinyosha shingo kutapika na kutoa povu tu au asitoe kitu, huku tumbo nyuma ya mbavu likiwa gumu na likitoa mlio wa ngoma ukiligonga kwa kidole, huenda tumbo lake limejaa gesi na kujipinda. Likishajipinda, njia za kuingia na kutoka zimefungwa, na mishipa ya damu imebanwa. Hakuna dawa ya gesi, magadi wala maji ya tangawizi yatakayolifungua. Ni upasuaji, na muda unahesabiwa kwa saa. Piga simu ukiwa njiani ili uwakute wameshajiandaa.

Anatapika na kuharisha

Hapa umri wa mbwa ndio unaoongoza. Mtoto wa mbwa wa kati ya wiki 6 na miezi 6 asiyekamilisha chanjo, akianza kutapika, kukataa maziwa na kuharisha damu yenye harufu nzito inayojaza chumba, mchukulie kuwa ana parvo hadi ithibitishwe vinginevyo. Virusi hivyo vilianza kujulikana duniani mnamo 1978, na hakuna dawa inayoviua ndani ya mwili. Kinachomwokoa mtoto wa mbwa ni dripu, dawa za kuzuia kutapika, antibayotiki za kukinga damu yake dhidi ya bakteria wanaopenya kwenye utumbo uliochubuka, na joto. Kumnywesha maji kwa nguvu wakati anatapika humwongezea hatari ya kupaliwa. Wengi hufa kwa kukosa maji mwilini siku ambazo mwenye mbwa anaendelea kujaribu mwarobaini.

Akipona au akifa, kibanda na sakafu vioshwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa Jik, sehemu moja kwa maji sehemu 30, iachwe dakika 10. Kwenye udongo virusi hukaa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, kwa hiyo usilete mtoto mwingine wa mbwa kwenye uwanja huo kabla hajamaliza chanjo zake, zinazoanza katika wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16.

Kwa mbwa mzima, anza na alichokula. Gunzi la mahindi ni adui asiyeogopwa inavyostahili, kwani halimeng'enywi, halionekani vizuri kwenye eksirei, na hukwama kwenye utumbo mdogo kama kizibo. Mbwa hutapika kila anachokula na baada ya siku mbili hatoi haja. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali. Mabaki ya pilau yenye mafuta mengi baada ya sikukuu huweza kuwasha kongosho, na mbwa hukaa amekunja mgongo, matako juu na kifua chini, kwa maumivu. Ikiwa ni jike ambaye hakufungwa kizazi, alikuwa kwenye joto la kutaka dume wiki chache zilizopita, anakunywa maji kupita kiasi na kutapika, fikiria usaha ndani ya kizazi, hata kama hakuna kinachotoka nje. Huo nao ni upasuaji wa siku hiyo.

Anatetemeka, anatoa mate, ana degedege

Dalili hizi zina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa mbali na vinavyotaka mambo tofauti kabisa, kwa hiyo zisome polepole hata kama moyo unakwenda mbio.

Kama yalianza ndani ya dakika au saa chache kwa mbwa aliyekuwa mzima, huku mboni za macho zikiwa zimesinyaa kama kichwa cha pini, misuli ikicheza chini ya ngozi, mate, kutapika na kuharisha vikienda pamoja, fikiria dawa za kuulia wadudu, ambazo watu huzichanganya na nyama ili kuua mbwa. Daktari anayo atropini, dawa ya kukabili sumu hiyo. Wewe unachoweza kufanya ni kuosha sumu iliyo kwenye manyoya ukiwa umevaa glavu, na kuharakisha. Maziwa hayaondoi sumu hiyo, na mafuta ya kupikia yanayomiminwa kwenye koo la mbwa mwenye degedege huishia kwenye mapafu. Usimtapishe mbwa aliyelegea au anayetetemeka, wala aliyekunywa mafuta ya taa au kitu kinachounguza.

Kama ni mbwa asiyechanjwa aliyekuwa na tongo na kamasi nzito, akakohoa, akapata nafuu, kisha wiki kadhaa baadaye akaanza kuchezesha taya kama anayetafuna, huenda ni distempa. Ndio ugonjwa ambao mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji jirani ndio wanaodhaniwa kuwa chanzo. Mbwa aliyefikia hatua ya degedege mara chache hurudi alivyokuwa.

Na kama tabia imebadilika, yaani mpole amekuwa mkali au mkali amekuwa mpole kupita kiasi, sauti imekwaruza, taya limening'inia na hawezi kumeza, usiingize mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Hivyo ndivyo kichaa cha mbwa kinavyowapata watu wanaowapenda mbwa wao. Mfungie mahali asipoweza kumfikia mtu, toa taarifa ofisi ya mifugo, na kila aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda au jicho aoshe kwa maji mengi kwa dakika 15, kidonda kikioshwa pia kwa sabuni, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara. Mbwa akifa, usimzike kabla ya kuuliza ofisi ya mifugo, maana ubongo ndio unaopimwa.

Mbwa aliyeanguka juani baada ya kukimbia, akihema kwa nguvu na joto lake limezidi 41, apozwe kwanza pale pale kwa maji ya kawaida ya bomba na upepo, ndipo asafirishwe. Aliyetemewa na swila aoshwe macho kwa maji safi kwa dakika nyingi. Aliyegongwa na kifutu abebwe, asitembezwe, na usimchanje wala kumfunga kamba.

Alikuwa akififia nasi hatukuona

Mbwa huficha udhaifu. Figo zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi yake kabla ya siku ambayo anakataa chakula, na siku hiyo ndiyo tunayoiita ya ghafla. Kwa hiyo ukimaliza msukosuko wa kwanza, rudi nyuma kwenye kumbukumbu za miezi mitatu. Je, bakuli la maji limekuwa likiisha mapema? Pima. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ana tatizo, liwe la figo, la kisukari, la kizazi au la tezi. Je, pumzi yake ina harufu ya mkojo, na ana vidonda mdomoni? Je, anakohoa usiku, na akiwa amelala fofofo anavuta pumzi zaidi ya 30 kwa dakika? Huo huwa ni moyo, na dawa za kupunguza maji kwenye mapafu zinaweza kumpa miezi mizuri, pengine mwaka. Je, anacheua chakula kizima mara tu baada ya kumeza? Katika nchi zetu kuna mnyoo, Spirocerca lupi, unaopitia kwa mende wa mavi na kujenga uvimbe kwenye umio.

Nilipofanya zoezi hili kwa ajili ya Tomi, nilikumbuka kwamba tangu Desemba alikuwa amelala mapema zaidi, na kwamba mara mbili alisimama katikati ya matembezi akakaa chini. Nilisema ni uzee.

Katika kipindi hiki jizuie kabisa kumpa dawa za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na parasetamo huharibu ini na damu yake. Tembe moja inayokutuliza wewe kichwa inaweza kutosha kumuua mbwa mdogo.

Tiba haisaidii tena

Ikiwa daktari uliyenaye hana vifaa, uliza mapema kuhusu rufaa. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, hupokea mbwa. Gharama nayo iulizwe waziwazi, bila aibu. Mtu anayeuliza bei ya upasuaji hajapunguza upendo wake, na daktari mwema atakueleza pia njia ya pili na ya tatu.

Inapofika mahali ambapo kilichobaki ni kumtuliza, tumia kalenda ya ukutani. Kila jioni weka alama ya siku njema au mbaya. Siku njema ni ile aliyokula kwa hiari, akainuka mwenyewe kwenda haja, na akafanya angalau jambo moja alilolipenda. Kwa Tomi lilikuwa kulala mlangoni akisikiliza watu wakipita. Wiki ambayo mbaya zinazidi njema, zungumza na daktari kuhusu kumpumzisha. Kuna madaktari wa wanyama wanaotumia orodha yenye vipengele saba, kila kimoja kikipewa alama hadi 10: maumivu, njaa, maji, usafi, furaha, kutembea, na wingi wa siku njema. Inasaidia familia inayovutana, kwa sababu inawalazimisha wote kumtazama mbwa badala ya kutazamana.

Mara nyingi daktari huanza na dawa ya kumtuliza, kisha huchoma ya usingizi mzito kwenye mshipa, pentobabitali kwa kawaida, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi. Huenda akavuta pumzi moja kubwa au misuli ikacheza baada ya moyo kusimama, na mkojo ukatoka. Si maumivu. Niliambiwa hayo kabla, nami nashukuru, maana pumzi ile ya mwisho ingeniandama. Kaa mahali anapoweza kukunusa. Mwili usitupwe jalalani, kwa kuwa dawa ile hubaki ndani yake na huua mbwa na ndege watakaoula. Uzikwe kina cha mita 1 au zaidi, mbali na kisima.

Mwenye mbwa halali usingizi

Hii nayo ni dalili, na chanzo chake mara nyingi ni hesabu isiyokwisha: ningempeleka Jumanne. Kwangu ilidumu miezi. Kilichonisaidia kwa sehemu ni kuandika kwenye karatasi safu mbili, upande mmoja niliyoyajua Jumanne usiku, upande wa pili niliyoyajua Ijumaa, kisha kujihukumu kwa safu ya kwanza tu. Kuna usiku ambao hata hivyo haikutosha.

Utaambiwa, "Si mbwa tu huyo?" Wasemao hivyo wengine hawana ubaya. Wamelelewa katika nyumba ambazo mbwa hakai ndani, na kwa sababu za twahara wanazoziheshimu. Jirani yangu mmoja, mzee wa msikitini ambaye hakuwahi kumgusa Tomi, ndiye aliyekuja kunipa pole, akakaa kibarazani, akanikumbusha hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Kisha akanyamaza nami hadi adhana. Tafuta mtu mmoja wa namna hiyo. Watoto nao waambieni kwamba mbwa amekufa, kwa neno hilo hilo. Mtoto anayeambiwa kwamba amelala huanza kuogopa kulala.

Mbwa aliyebaki hali chakula

Tuna jike mdogo, Zuri, aliyekua pamoja na Tomi. Siku ya pili baada ya maziko alikataa kula na akalala kando ya simtanki. Kila mtu nyumbani alisema ni majonzi, na inawezekana yalikuwemo, kwa kuwa mbwa waliozoeana hutafutana na hupunguza kula kwa siku kadhaa. Lakini wamelala kibanda kimoja, na kupe hawafi pamoja na mbwa. Tukamfunua mdomo, tukabonyeza ufizi, tukahesabu, tukapima joto. Fizi za waridi, sekunde moja na nusu, pumzi 22, nyuzi 39.9. Tukamfikisha kwa daktari kabla ya saa sita mchana, tone la damu likatolewa sikioni, na babesia ikaonekana. Kibanda tulikimwagia dawa ya kupe kwenye kila ufa, tukarudia baada ya wiki mbili, na karatasi ya namba zake bado imebandikwa juu ya friji.